Kolamu ya Kamba

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali mafupi na kupewa majibu marefu. Nimeifanya mwaka wa nne sasa, hapa Lushoto mjini, kwenye ofisi ya chumba kimoja na nusu inayosajili ng'ombe wa maziwa, na kusema kweli nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Asubuhi ukungu unaingia mpaka mezani, kioo cha kompyuta kinaota unyevu, nami nakifuta kwa ncha ya kitenge nikijiuliza kwa nini sikubaki nyumbani nikalima karoti kama wenzangu.

Usajili wenyewe hauna maajabu. Ng'ombe anavalishwa hereni ya plastiki yenye namba, namba inaingia kwenye mfumo, na mbele ya namba kuna kolamu: jinsia, rangi, umri, kijiji, na mwisho kabisa kolamu iliyoandikwa "mmiliki". Mfumo huo niliutengeneza mimi. Nilirudi kutoka chuo na cheti changu na kiburi kidogo, nikachora majedwali mawili, moja la ng'ombe na moja la watu, nikayaunganisha: kila ng'ombe na mtu wake. Bosi akaniita mbele ya wageni akasema, "Huyu binti ana akili." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Kisha nikaenda vijijini kusajili. Hapo ndipo uchovu ulipoanza.

Unamuuliza mtu, "Ng'ombe huyu ni wa nani?" Anakaa chini kwanza. Anakwambia, "Huyu? Huyu alikuja mwaka ule mvua ilipong'oa daraja. Shemeji yangu alikuwa anaumwa, tukakubaliana..." Mimi kalamu iko hewani, nyuma yangu kuna mazizi arobaini yanasubiri, na miguu imejaa tope. "Mzee, samahani. Nitajie jina moja tu." Anakutazama kana kwamba umemwomba amtaje mtoto mmoja tu kati ya watoto wake. Mwisho anataja jina, lolote, mara nyingi la mtu anayemkatia ng'ombe majani. Naandika, nashukuru, nahamia zizi la pili. Nilidhani wananizungusha. Nilidhani watu wa kwetu wanapenda tu maneno, basi.

Hereni ya kwanza kabisa niliivalisha nyumbani kwetu. Nilitaka kujaribu mfumo kabla ya kuupeleka kwa wengine, na ng'ombe wetu alikuwa mpole. Baba alimshika kichwa. Nikaandika namba, rangi nyekundu yenye baka jeupe pajani, mmiliki: jina la baba. Baba alisoma kwenye karatasi, akakuna kidevu, akasema, "Sasa hii..." Nikamwambia, "Baba, ni majaribio tu." Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Najuta hilo kuliko mengine yote, kwamba baba alifungua kinywa na mimi nikakifunga.

Mwaka huu baba alifariki. Tulipomaliza arobaini, kaka yangu akaniita uani. Sisi tumezaliwa wawili tu, yeye ndiye mkubwa. Akasema ng'ombe auzwe. Hakusema kwa ubaya. Mama nyonga zinamuuma, hawezi tena kupanda ngazi za shamba kukata majani ya gwatemala ya kumlisha, na bati la jikoni limeoza mpaka mvua inanyesha kwenye sufuria. Mnunuzi alikuwa tayari na mnada ni Alhamisi. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Siku hizi ng'ombe mwenye hereni hauzwi mpaka karatasi ya usajili iwe na jina la mtu aliye hai.

"Badilisha jina tu, weka langu," kaka akasema. "Kwako ni dakika moja."

Ni kweli ilikuwa dakika moja. Nikamwambia Jumatatu nikifika ofisini nitafanya.

Jumamosi akaja bibi mmoja.

Namfahamu tangu nikiwa darasa la saba. Anatoka upande wa Shume, mwembamba, Mwislamu wa swala tano, ushungi wake hautoki kichwani hata jua liwe kali vipi. Kila mwaka alikuwa anakuja kwetu mara mbili tatu na kikapu cha viazi, mama anamchemshia maziwa kabla hata baba hajapata yake, anazunguka zizini, anamshika ng'ombe mgongo, anaongea Kishambaa na baba kwa sauti ya chini, anaondoka. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Mtoto hauliziulizi, na mimi baadaye nilikwenda bweni.

Siku hiyo hakuwa na viazi. Alikuwa na kamba. Kamba ya katani, ya zamani, imekuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba." Akaketi kwenye kigoda, akaiweka kamba mapajani. "Nimesikia ng'ombe anakwenda mnadani. Nikasema mtu hawezi kuuza ng'ombe ambaye kamba yake iko jikoni kwangu."

Hapa lazima nieleze, maana hata mimi nilikuwa sijui na nilizaliwa hapa. Kwetu milimani mtu anaweza kumweka ng'ombe wake kwa mwenzake amtunze. Maziwa na mbolea ni vya mtunzaji. Ndama wanagawanywa kwa zamu, kwa makubaliano. Siku ya kumleta, mwenye ng'ombe anamwongoza kwa kamba yake mwenyewe mpaka kwenye zizi la mtunzaji, anamfungua hapo mbele ya watu, anarudi na kamba nyumbani kwake. Mtunzaji anamfunga kwa kamba ya kwake. Ng'ombe aliyeuzwa au kutolewa moja kwa moja huyo anakwenda na kamba yake, hairudi tena. Kwa hiyo ukitaka kujua mambo yalivyo, unauliza tu kamba iko wapi. Hakuna karatasi. Wanaoweka ng'ombe ni wengi, Walutheri kwa Waislamu, na hawajawahi kuhitaji karatasi.

Yule bibi mumewe alipofariki alibaki na ng'ombe wawili na mikono miwili. Mmoja akabaki naye, mwingine akamleta kwa baba. Aliyeko zizini sasa ni binti wa yule aliyeletwa. Na yule aliyebaki Shume alikufa zamani kwa homa, na ndama aliowachukua kwetu alishawauza kwa shida zake. Huyu mwekundu mwenye baka pajani ndiye pekee aliyebaki wa bibi duniani. Mjukuu wake wa kike karudi nyumbani na mtoto mchanga, na bibi alikuwa anataka kuja kumchukua ng'ombe ili mtoto apate maziwa. Akakuta sisi tunataka kumuuza.

Kaka akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa na muhuri. Akaisoma kwa sauti, taratibu, namba mpaka jina la baba.

"Bibi, mimi sikukosei heshima," akasema. "Lakini hii imetoka ofisini. Na aliyeiandika ni huyu hapa dada yangu."

Bibi akanigeukia. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Mwanangu, mimi si nilikwambia? Ulipokuja kwangu Shume na mashine yako. Nilikwambia ninaye mmoja, yuko kwenu."

Jamani. Alinieleza kweli. Nilikumbuka uwanja wake, kuku, mvua ya manyunyu, na mimi nimesimama mlangoni bila hata kukubali chai. Nikamwambia, "Bibi, naandika waliopo zizini tu." Nikaandika sifuri na kuondoka. Nilimfuta yule bibi mara mbili, mara moja kwake na mara moja kwetu, na mara zote mbili nilikuwa nafanya kazi vizuri.

Hapo ndipo ningesema. Nikajikausha. Nikasema, "Tutaangalia, bibi," maneno ya ofisini hayo, maneno ya mtu anayetaka uondoke. Bibi akaizungusha kamba mkononi akasema atarudi Jumatano, siku moja kabla ya mnada. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakusema neno.

Jumatatu nikafungua mfumo. Kaka alishanipigia mara mbili. Kolamu ya mmiliki ikawa inaniangalia, jina la baba limekaa pale. Nikiweka jina la kaka, ng'ombe anauzwa na bibi anabaki na kipande cha katani. Nikiweka jina la bibi, haya, haki imetendeka. Lakini hapo nayo roho iligoma. Baba kamkatia yule ng'ombe na mama yake majani tangu nikiwa mtoto, kamkalia kila alipozaa, kampaka dawa ya kupe kwa mkono wake. Nikiandika "mmiliki: bibi" na kufunga, hayo yote yanafutika. Ingekuwa uongo mwingine, ila umeelekea upande wa pili.

Nikajaribu kuongeza kolamu. Mmiliki, mtunzaji. Nikaongeza shahidi. Nikaongeza tarehe ya kuletwa. Halafu nikauliza, mama yake alipozeeka akarudi Shume kufia huko na huyu akashika nafasi, naandika wapi? Ndama zamu yao naandika wapi? Kila nikiongeza kolamu moja kwa ajili ya ng'ombe huyu, ng'ombe wengine mia saba wanaachiwa nafasi tupu, na bado hadithi haijaenea. Nilifuta, nikaanza upya, nikafuta. Bosi akapita nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka nilipofika kwenye kamba.

"Kamba?" Akacheka. "Kamba kwenye mfumo? Dada yangu, mkoani wanataka jina moja. Usinitafutie matatizo."

Jumanne nikaomba ruhusa, nikapanda nyumbani. Nilimkuta mama jikoni anachambua maharage chini ya lile bati bovu. Nikakaa, nikachukua ungo nikamsaidia. Nikamuuliza, "Mama, yule ng'ombe ni wa nani?"

Mama akaanza kama wanavyoanza wote. "Siku ile ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani..."

Nikataka kumkatisha, ni mazoea. Nikajizuia. Akasimulia mwanzo mpaka mwisho: bibi alivyokuja kwa miguu toka Shume, nani walikuwepo, baba alisema nini, bibi alisema nini, wakakubaliana ndama wawili wa bibi na wa tatu wetu, kisha hesabu inaanza upya, wakala wali, bibi akaondoka na kamba begani. Na mimi mikono ikasimama juu ya ungo. Nikaelewa nilichokosea miaka yote minne. Hawa watu hawakuwa wananizungusha. Nilikuwa nauliza kuhusu ng'ombe, na wao walikuwa wananijibu kuhusu siku. Yule ng'ombe hana mtu mmoja wa kuandikwa mbele yake. Ana siku, na ndani ya siku ile kila mtu ana nafasi yake: aliyeleta, aliyepokea, aliyeletwa, walioshuhudia, na walichokubaliana. Siku ndiyo inayostahili kuwa na namba yake na mstari wake. Majina yanafuata nyuma. Ukiondoa ile siku, majina yanabaki yanagombana.

"Ndama wa tatu mlimpata?" nikauliza, kwa kuwa sasa nilikuwa nataka kujaza kila kitu.

Mama alichagua harage moja bovu akalitupa nje.

"Tulimpata. Baba yako alimuuza ulipopata nafasi ya chuo."

Nilikuwa najua tangu zamani kwamba baba aliuza ndama nikasoma. Nilikuwa najua kama ninavyojua ndama ni ndama. Sikujua kwamba alitoka kwenye neno la yule bibi, neno lisilo na karatasi, alilolitimiza bila kusukumwa na mtu. Nikaenda chuo kwa neno lake, nikajifunza kuchora majedwali, nikarudi nikamfuta. Nililia pale jikoni, machozi ya kweli, mama akaniacha nilie.

"Kwa nini hukusema Jumamosi?" nikamuuliza baadaye.

"Karatasi ilikuwa na muhuri," akasema. "Nikadhani labda siku hizi ndivyo."

Asubuhi ya Jumatano nikashuka mapema, nikafungua ofisi kabla ya bosi. Nikatengeneza jedwali la tatu, nikaliita makabidhiano. Mstari mmoja, siku moja. Kolamu ya mwisho nikaiandika: kamba iko wapi. Nikajaza: kwa aliyeleta. Kisha kwenye jedwali la zamani, lile la jina moja linalosomwa mnadani, nikafuta jina la baba na kuweka la bibi, kwa sababu pale ilibidi nichague na huyo ndiye aliyekuwa hatarini. Nikachapa kurasa mbili. Barua ya onyo niliipata wiki iliyofuata, ninayo kabatini.

Bibi alikuwa ameshafika nilipopanda. Kaka alikuwa amesimama zizini na yule mnunuzi. Nikasalimia, nikasoma. Niliisoma ile siku kama mama alivyoisema, Jumapili, kanisani, wali.

"Unasoma nini wewe?" kaka akaniuliza. "Nilikuomba jina."

"Jina nililoandika mwanzo lilikuwa kosa langu mimi. Baba alitaka kunisahihisha, nikamnyamazisha. Kaka, ng'ombe si wetu. Alikuwa kwetu."

"Na bati la mama?"

Mnunuzi yeye alishaelewa, akaaga, akaondoka zake. Kaka akaangalia kilima, akaangalia mama, na mama akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Kaka akaingia zizini mwenyewe, akaifungua kamba ya baba kutoka shingoni mwa ng'ombe, akaikunja vizuri, akaitundika ukutani. Bibi akafunga ya kwake.

Alipokuwa anatoka getini nikamkimbilia. Nilitaka kuomba msamaha na sikujua unaanzia wapi. Nikamuuliza kitu cha kijinga, "Bibi, nimeandika sawa?"

"Umeandika sawa. Ila hujamaliza." Akaweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe, pale panapojaa. "Huyu ameshazaa wawili, nimewachukua mimi. Aliye humu ni wa tatu."

Akaenda zake, polepole, kwa sababu ng'ombe alikuwa mzito na yeye mwenyewe si kijana tena. Sikuamini, niseme ukweli. Tulimtendea vile, na hapakuwa na mtu yeyote wa kumbana. Nikajiambia kizee kimesema tu kwa adabu.

Miezi ikapita. Mama akawa ananunua maziwa kwa jirani. Bati tulilibadilisha nusu. Bosi hajalikubali jedwali langu, na hajalifuta pia, nami nalijaza kimyakimya. Sasa nikifika uani kwa mtu nakaa, nakubali chai, namwacha amalize. Kazi imekuwa ndefu mara tatu, na hakuna aliyeniongezea chochote. Nimechoka zaidi ya mwanzo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, tukamkuta bibi uani. Amekaa kwenye kigoda kilekile, viatu vimejaa tope mpaka juu, na pembeni yake amesimama ndama jike, mwekundu, ameshaachishwa kunyonya. Alikuwa amemfunga kwa kamba ya katani iliyokuwa nyeusi kwa moshi.

"Onga mshi," akatusalimia kwa Kishambaa, na kaka yangu, ambaye hakuwa amemsalimia vizuri tangu ile Jumatano, akainama mpaka chini na kumpa shikamoo.

Tulikula. Bibi alimwelezea mama mtoto mchanga anavyokua, meno mangapi, anavyopenda maziwa ya moto. Kisha akasimama, akajifunga ushungi, akamshika ndama kichwa kidogo. Mama alienda ukutani kuchukua kamba ya baba, kama inavyotakiwa ng'ombe akiletwa kutunzwa, aje amfunge ndama, bibi aondoke na ya kwake.

"Acha," bibi akamwambia.

Akaiacha kamba yake shingoni mwa ndama, akashuka mteremko mikono mitupu.